Joto katika Nyumba na Jiko la Waswahili wa Pwani

Nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na kuta zake huwa nene, karibu nusu mita. Tumbawe lina vitundu vingi vyenye hewa, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida, hivyo jua huupiga ukuta saa nyingi kabla ndani hakujawa moto. Chokaa nyeupe nayo hurudisha sehemu kubwa ya miale. Joto lililonywewa na mawe mchana hutoka usiku, na jioni, vyumba vikiwa bado na fukuto, wanaume hukaa barazani wakipunga upepo wa kichochoroni. Katika nyumba nyingi za Lamu jiko liko juu kabisa, chini ya paa la makuti, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Lingekuwa chini, moshi na joto vingepita vyumbani.

Makuti nayo hushika hewa kati ya majani yake. Bati halina kinga hiyo: jua likiwaka, joto huwa limeshafika upande wa ndani. Hata hivyo bati hudumu, ilhali makuti hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na kwa mwenye kipato kidogo hiyo ni sababu ya kutosha.

Jikoni ndiko ujuzi huu wa kudhibiti joto ulikofika mbali zaidi. Alumini ya sufuria hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko udongo wa chungu. Sufuria huchemka upesi na kupoa upesi. Chungu huchelewa kupata moto, lakini kikiepuliwa mchuzi huendelea kutokota. Mwiko na mpini wa upawa ni vya mti, mkono usiungue.

Wali wa nazi hudai uangalifu kuliko vyote. Tui linapochemka, mzunguko wake hueneza joto chungu kizima. Likishakauka, mzunguko hukoma, na punje zenyewe hupitisha joto polepole. Moto wa chini peke yake ungeunguza wali wa chini huku wa juu ukibaki na kiini. Kwa hiyo mpishi hupunguza moto wa chini na kupalia, yaani huweka makaa juu ya kifuniko, wali uive kwa joto la pande zote mbili. Ukoko unaobaki chini hugombewa na watoto.

Maji ya kunywa huwekwa mtungini, kivulini penye upepo. Udongo wake hupenyeza maji kidogo hadi nje, nayo yakigeuka mvuke huchukua joto la yale yaliyobaki ndani. Siku hewa ikiwa na unyevu mwingi, mvuke hutoka kwa shida na maji hayapoi sana. Mtungi uliopakwa rangi hauna faida hiyo, maana rangi huziba vitundu vyake.