Tumbo na Sukari: Maradhi Mawili Katika Mwili Mmoja

Wagonjwa wengi katika majumba yetu hawana ugonjwa mmoja. Huyu ana kisukari na shinikizo la damu, yule ana baridi yabisi na pumu. Kila maradhi yana kliniki yake, siku yake, kadi yake na mfuko wake wa dawa. Mwili, hata hivyo, ni mmoja, na dawa ya huku huweza kuharibu kule. Makala haya yanahusu hali moja ya namna hiyo, isiyozungumzwa sana: ugonjwa wa vifuko vya utumbo unapomkuta mtu ambaye tayari anaishi na kisukari.

Ukuta wa utumbo mpana una sehemu dhaifu, pale mishipa ya damu inapopenya. Kadiri umri unavyosonga, utando wa ndani huweza kusukumwa nje kupitia sehemu hizo na kufanya vifuko vidogo, aghalabu vya ukubwa wa kunde au njegere. Wengi walio navyo huishi na kufa bila ya kujua. Taabu huanza kifuko kimoja au zaidi kinapovimba na kuwaka, na hali hiyo ndiyo madaktari huiita divatikulaitisi. Mgonjwa huhisi maumivu ya kudumu chini ya tumbo, mara nyingi upande wa kushoto, pamoja na homa, kichefuchefu, na choo kilichobadilika, ama kigumu ama cha kuharisha. Wengi hupona kwa matibabu mepesi. Wachache hupata jipu tumboni, au utumbo hutoboka, na hapo uhai huwa hatarini.

Ugonjwa huu una historia inayopita karibu na kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliona kwamba maradhi ya vifuko yalikuwa haba mno kwa watu wa vijijini waliokula nafaka isiyokobolewa, kunde na mboga, ilhali Uingereza yalikuwa ya kawaida. Mwaka 1971 yeye na mwenzake Neil Painter waliandika kwamba chanzo ni upungufu wa nyuzinyuzi katika chakula. Utafiti wa baadaye umeongeza mengine: umri, uzito mkubwa, uvutaji wa sigara, nasaba, na baadhi ya dawa. Nasi leo tunakula sembe nyeupe, mkate mweupe na chipsi, na wazee wetu, Alhamdulillah, wanaishi umri mrefu zaidi. Sioni sababu ya kuuita ugonjwa huu wa Wazungu.

Shangazi yangu amevuka miaka 60, ana kisukari cha muda mrefu, na magoti yanamsumbua. Tumbo lilipomshika kwa mara ya kwanza aliacha kula, lakini vidonge vya sukari aliendelea navyo kwa saa zilezile, kwa kuwa alifundishwa asivikose. Siku ya pili jioni akaanza kutokwa na jasho, kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Wanawe walidhani ni homa. Mmoja wao akakumbuka kumpima, na sukari ilikuwa imeshuka sana. Wakampa maji ya sukari naye angali anaweza kumeza, kisha wakamkimbiza hospitali, ambako picha ya CT ilionesha vifuko vilivyovimba.

Nilipokwenda kumjulia hali wodini, nilimwuliza kama amemweleza daktari kuhusu diklofenaki anayoinunua duka la dawa kwa ajili ya magoti. Akanitazama kwa mshangao. “Mwanangu,” akasema, “yule ni daktari wa tumbo. Magoti yangu yanamhusu nini?”

Yanamhusu sana. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni huongeza uwezekano wa vifuko kutoka damu na hata kutoboka, na kwa mwenye kisukari ambaye figo zake zimeanza kuchoka huzidisha mzigo. Ndiyo maana madaktari wengi humwelekeza mgonjwa wa namna hii kwenye parasetamoli. Kodeini nayo, ijapokuwa hutuliza, hufunga choo. Wanaotumia prednisoloni kwa baridi yabisi au pumu wana jambo zito zaidi. Dawa hiyo hupandisha sukari, huongeza hatari ya utumbo kutoboka, na tena huficha dalili, hata mtu akawa na usaha tumboni ilhali homa ni ndogo na maumivu ni ya kustahimilika. Lakini asiiache ghafla kwa kusoma gazeti, kwani kuiacha ghafla nako ni hatari. Aende akaseme.

Sukari yenyewe, wakati wa shambulio la tumbo, huvutwa pande mbili. Uvimbe na homa huipandisha hata kama mgonjwa hajala kitu. Vidonge kama glibenklamidi, au insulini, vikitumiwa bila ya chakula, huishusha. Hakuna awezaye kubashiri upande utakaoshinda, na dawa ya hilo ni kupima mara nyingi kuliko siku za kawaida. Insulini isikatishwe kwa uamuzi wa nyumbani. Metformini mara nyingi husimamishwa kwa muda mgonjwa anapotapika au kupungukiwa na maji, lakini hilo liamuliwe na daktari, ambaye yafaa aulizwe mapema, mgonjwa angali mzima, nini kifanyike siku atakaposhindwa kula. Tena metformini yenyewe huweza kuharisha, kwa hiyo si kila tumbo linalochafuka ni vifuko.

Kuhusu chakula, watu wamechanganyikiwa, na si kosa lao. Wakati wa shambulio, madaktari hupendelea vinywaji na vyakula vyepesi, na mwenye kisukari ajue kwamba uji mwepesi nao una wanga unaohesabiwa. Baada ya kupona mambo hugeuka: dona, maharage, kunde, mchicha na matunda hurejeshwa kidogo kidogo pamoja na maji ya kutosha. Hapa, kwa bahati njema, maradhi mawili yanakubaliana, kwani chakula cha nyuzinyuzi hufaa tumbo na hupunguza kasi ya sukari kupanda. Asiyekubaliana nayo ni figo. Aliyezuiwa potasiamu asijaze sahani maharage na ndizi kabla ya kuuliza.

Miaka mingi wagonjwa waliambiwa waache karanga, bisi na kila chenye mbegu, eti mbegu hukwama kwenye vifuko. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 18, na haukuona kwamba walaji wa karanga na bisi walipata ugonjwa huu zaidi. Shangazi alifurahi kurudishiwa mapera yake kuliko alivyofurahi kutoka hospitali.

Vilevile utafiti wa Sweden wa mwaka 2012, uliokuwa na wagonjwa 623 wenye ugonjwa mwepesi, ulionesha kuwa antibayotiki haikuharakisha kupona. Jirani akikwambia yeye alipona bila ya hizo, huenda anasema kweli. Lakini matokeo hayo si ya kila mtu: mwenye kinga dhaifu, au anayetumia dawa za kushusha kinga, hupimwa kwa mizani nyingine.

Katika ibada yapo mawili. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, akalipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kupona akatoa fidya. Wazee wetu huiona ruhusa hii kama aibu. Ni vyema daktari aulizwe katika Shaaban, na mwanachuoni aulizwe baada yake, kwa kuwa fatwa hujengwa juu ya hali ya mgonjwa. La pili ni wale wanaozuia haja kubwa kutoka Magharibi hadi Isha ili wasipoteze udhu. Wanachuoni wamekirihisha kuswali mtu akiwa amebanwa, na kuzuia huko hukausha choo. Udhu hutiwa tena.

Maumivu yakizidi au tumbo likiwa gumu, homa ikipanda, mgonjwa akitapika asiweze kubakisha maji, au damu ikitoka kwa njia ya choo, usiku huohuo apelekwe hospitali pamoja na dawa zake zote katika mfuko mmoja, zikiwamo za dukani na za miti shamba.

Kwa kawaida, wiki sita hadi nane baada ya kupona, daktari huagiza utumbo utazamwe kwa kamera, ili kuhakikisha kwamba hakuna saratani iliyojificha nyuma ya uvimbe. Siku moja kabla mgonjwa hanywi ila vimiminika, na hupewa dawa ya kusafisha tumbo. Kwa mwenye kisukari siku hiyo ndiyo yenye hatari ya sukari kushuka. Tarehe ikishapangwa, iulizeni kliniki ya sukari ni dawa zipi zipunguzwe na zipi zisimamishwe, na majibu yaandikwe kwenye kadi, asiachiwe mgonjwa kuyakumbuka peke yake.