Mkongojo wa Tunu: Mazoezi ya Mchezo Katika Mitaa ya Eastlands

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama vile Pumwani, Kaloleni, Makadara na Jericho, ukumbi wa mtaa ni mali ya kila mtu. Jumapili asubuhi huwa kanisa, Jumamosi huwa nyumba ya arusi, na katikati ya juma hukutana humo vyama vya akina mama na kamati za mazishi. Wachezaji wa michezo ya kuigiza hupewa saa zinazobaki. Mpita njia asikiapo makelele ya humo ndani huweza kudhani kwamba watu wanagombana, kumbe ni vijana wanaojifunza maneno yao.

Jambo hili si geni. Jumba la Michezo la Taifa lilipofunguliwa mjini Nairobi mwezi wa Novemba 1952, michezo iliyochezwa humo ilikuwa zaidi ya Kiingereza, na wengi wa watazamaji walikuwa Wazungu. Hata hivyo, mwaka 1954 wanafunzi wa Alliance High School huko Kikuyu walicheza mchezo wa Kiswahili ulioandikwa na mwenzao, Henry Kuria, uitwao "Nakupenda Lakini". Mchezo huo ulipigwa chapa mwaka 1957. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeshika Kiswahili jukwaani hakungoja aalikwe na wenye majumba makubwa.

Mwaka 2019 msichana mmoja wa Jericho, aliyekuwa akisomea sanaa ya maigizo katika chuo cha mjini, alijiunga na kundi lililokuwa likitayarisha "Kigogo", mchezo wa Pauline Kea. Wakati ule kitabu hicho kilikuwa kikitahiniwa katika KCSE, na makundi mengi huishi kwa kucheza vitabu vya namna hiyo mbele ya wanafunzi wa sekondari. Kiingilio ndicho mshahara. Baba yake, karani mstaafu, hakumkataza, ila aliweka masharti mawili: awe amefika nyumbani kabla ya saa moja ya usiku, na asiombe nauli. Sharti la pili ndilo lililokuwa zito, kwa maana lilimlazimu kwenda na kurudi kwa miguu siku zote za mazoezi.

Juma la kwanza wachezaji waliketi katika duara wakasoma kitabu chote kwa sauti. Juma la pili walisimama, kitabu mkononi, na mwelekezi akachora kwa chaki sakafuni mahali pa mlango, pa meza na pa viti. Kisha vitabu vikawekwa kando, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Maneno aliyoyajua vema akiwa ameketi yalimponyoka mara tu alipoanza kutembea. Chuoni alikuwa amefundishwa kwamba mwili nao hukumbuka, naye aliyaandika hayo katika daftari lake. Lakini daftari halina miguu.

Alikuwa amepewa nafasi ya Tunu, yule mwanamke anayepambana na utawala wa Majoka katika jimbo la Sagamoyo. Tunu huumizwa mguu, akawa anatembea kwa mkongojo. Mwelekezi aliamua kwamba mguu mbovu uwe wa kushoto, na msichana akaushika mkongojo kwa mkono wa kushoto, kama afanyavyo karibu kila mtu asiyeujua. Nje ya dirisha alikuwako fundi viatu ambaye mwenyewe amekuwa akitembea kwa mkongojo kwa miaka mingi. Alivumilia siku mbili. Siku ya tatu aliingia, akaomba radhi, akaonyesha: mguu wa kushoto ukiuma, mkongojo mmoja hushikwa kwa mkono wa kulia, nao husogea mbele pamoja na ule mguu mbovu, ili uzito uegemee upande mzima. Baada ya hapo alifika kila jioni kukagua, na hakuwa mkaguzi mpole.

Kabla ya kwenda shuleni, kundi lilicheza mbele ya watu wa mtaa bila ya malipo. Katika mchezo huo soko la Chapakazi linafungwa na wakubwa, na katika ukumbi ule walikuwamo wanawake waliokuwa wakiuza mboga na nguo za mitumba, ambao habari za kufukuzwa sokoni hawakuzipata vitabuni. Walianza kujibu kwa sauti. Mmoja alisimama akamwambia mchezaji wa Majoka maneno ambayo gazeti haliwezi kuyapiga chapa. Katika mchezo wa kawaida mchezaji stadi angemjibu papo hapo, watu wakacheka, mambo yakaendelea. Lakini kitabu cha mtihani hakiongezwi neno, kwa kuwa mwanafunzi akilibeba neno la mchezaji hadi chumba cha mtihani, hasara ni yake. Msichana alisimama kimya juu ya mkongojo wake, akimtazama yule mama mpaka aliponyamaza mwenyewe, ndipo akatamka maneno ya Tunu kama yalivyoandikwa. Ukumbi ulitulia. Mwelekezi alimwambia baadaye kwamba kile kimya kidumu, hata huko shuleni ambako hakuna wa kumkatiza.

Walicheza katika shule nne muhula ule. Fedha za ukumbi, za gari la mizigo na za mavazi zilipokwisha kutolewa, kila mchezaji alipata shilingi 300 kwa kila onyesho. Baba yake, ambaye siku ya onyesho la mtaani alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango, hakusema lolote juu ya mchezo. Aliuliza malipo ni kiasi gani, akaambiwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kwa kuwa mazoezi ya mchezo wa pili yalikuwa yameanza, saa mbili ya usiku itafaa, mradi asindikizwe na wenzake hadi mlangoni.