Kariandusi Yanikumbusha Mvuvi wa Papa

Wahenga walinena ya kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi mtu wa mwambao nimeithibitisha kauli hiyo mahali nisipopatarajia hata kidogo, nako ni Kariandusi, katikati ya Bonde la Ufa, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Nilikuwa safarini kwenda Nakuru kwa mambo ya kifamilia. Tulipokwisha kuipita Gilgil, na ziwa Elmenteita likatutokea chini bondeni na heroe wake, mwenzangu niliyefuatana naye akaniambia: "Maalim, usipite hapa ukaenda kwenu ukasema umeiona Nakuru." Basi tukaiacha njia kuu, tukateremka hadi penye makumbusho.

Kariandusi, msomaji, ni mahali pa mashoka ya mawe. Safari ya uchunguzi iliyoongozwa na Louis Leakey ilipagundua mwaka 1928, na wataalamu wakadiria ya kuwa mashoka yale yalichongwa yapata miaka milioni moja iliyopita. Mengine ni ya jiwe la kawaida la volkeno, na mengine ni ya lile jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, ambalo ukingo wake ukichongwa huwa mkali kama wembe. Yamelala shimoni hivyo hivyo yalivyofukuliwa, mengi mno, kana kwamba wenyewe wameyaweka kando wakaenda kunywa maji na bado warejea.

Kijana aliyetuongoza alikuwa mtu wa huko huko, mwenye adabu na maneno ya kupimwa. Alitueleza namna jiwe lilivyopasuliwa, namna ya kulishika, na namna lilivyotumika kuchinjia na kuchunia. Kisha akatuonyesha, hapo jirani, gema jeupe kama chokaa, panapochimbwa udongo uitwao diatomaiti. Udongo huo, alisema, ni magamba ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa jicho, vilivyoishi katika ziwa kubwa la kale, vikafa na kutuama chini zama kwa zama. Leo hutumika kuchujia vinywaji na mafuta viwandani.

Alipokwisha, akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia pwani, macho yake yakachangamka. Akataka kujua kama ni kweli watu wetu humvua papa, yule samaki wa kutisha, kwa kamba na ndoana tu. Nikamjibu ya kuwa ni kweli, na kwamba mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wao. Hapo sisi wageni ndio tukawa wenye kueleza, na kiongozi akawa mwenye kusikiliza.

Nilimweleza niliyoyaona nikiwa mtoto wa chuo, usiku wa Alhamisi ambapo kesho yake hatusomi. Kaskazini ya Malindi, ambako maji ya mto Sabaki huingia baharini na miamba ikakatika, ufuo ni wa mchanga na mawimbi hufika hadi pwani bila ya kizuizi. Mjomba hakuwa na mashua kubwa. Alikuwa na kamba nene, ndoana ya chuma yenye urefu wa shibiri, na kipande cha mnyororo baina ya ndoana na kamba, kwani meno ya papa hukata kamba kama mkasi ukatavyo uzi. Chambo chake kilikuwa kipande cha taa au cha jodari mwenye damu. Mwenzake aliipeleka ndoana kwa hori hadi nyuma ya mawimbi, akaitosa, na ncha ya kamba ikafungwa penye gogo lililozikwa mchangani. Kisha wakakaa wakingoja, na sisi watoto tukakatazwa kusema.

Lakini kazi haikuwa ile ya kungoja. Kazi ilikuwa katika kujua. Mjomba alijua ni maji gani ya bamvua yamletayo papa karibu na maji gani mafu yamwekayo mbali. Alijua kwamba maji ya mto yakigeuka rangi kwa mvua, papa huyafuata ili awinde mle mle yasimoonekana. Kwa mvuto wa kwanza wa kamba alijua kama aliyekula ni papa au ni taa, na kama ni papa, ni mkubwa wa kuachiwa kamba au ni mdogo wa kuvutwa moja kwa moja. Hakuandika hata herufi moja katika hayo. Yote yalikuwa kifuani mwake.

Na papa alipotoka hakupotea kitu. Nyama ilitiwa chumvi ikaanikwa, ikawa papa mkavu, ambaye kwetu mchuzi wake wa nazi hauhitaji kusifiwa. Ini lilitoa mafuta yaitwayo sifa, ambayo mafundi waliyapaka mbao za majahazi zisipasuke kwa jua, na harufu yake kila aliyelelewa karibu na bandari aikumbuka, apende asipende. Ngozi ilikuwa msasa wa maseremala. Wala biashara hiyo haikuwa yetu peke yetu. Majahazi ya Shihri na ya Suri, Omani, yalipofika na upepo wa kaskazi, aghalabu yalikuwa na shehena ya papa mkavu wa kuuzwa Mombasa na Unguja.

Kijana akasikiliza yote hayo, kisha akaniuliza: "Mzee, na sasa nani anayajua?"

Swali hilo lilinishinda. Watoto wa mjomba hawakufuata kazi ya baba yao. Mmoja ni dereva na mwingine ni mlinzi wa hoteli. Wala si wao wa kulaumiwa, kwa maana papa wenyewe wamepungua. Tamaa ya mapezi yake, ambayo hupelekwa Mashariki ya Mbali kwa ajili ya supu, ilifanya watu wamtafute kila mahali, na nyavu za jarife zikamchukua mkubwa kwa mdogo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu duniani walipungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Sababu haifichiki. Papa si kama dagaa. Wengi katika aina zake huchukua miaka kumi na zaidi kabla ya kuzaa, na wakizaa huzaa wachache. Papa upanga, ambaye wazee wetu walimjua vyema, leo ni nadra mno kuonekana, na tangu mwaka 2007 mataifa yamepiga marufuku biashara yake. Mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, papa wa aina nyingi zaidi wakatiwa katika orodha ya viumbe ambao biashara yao ya nje yapasa kuwa na kibali.

Basi kijana akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alisema ya kuwa yeye hula kwa kuwaonyesha wageni mashoka yasiyokata tena, ya watu wasiokuwepo. Sisi wa pwani tuna samaki aliye hai na mtu aliye hai amjuaye. Mbona hatuwaongozi wageni?

Kwa hakika jambo hilo lafanywa kwengine. Kule Namibia, katika fuo za Swakopmund na Henties Bay, wapo viongozi ambao kazi yao ni kuwachukua wageni kwa gari hadi ufuoni, kuwapa mshipi, kuwafundisha kumvua papa mkubwa, kisha kupiga picha na kumrejesha majini. Mgeni hulipia ujuzi wa kiongozi, si nyama. Hapa kwetu, Watamu na Malindi, mchezo wa kuvua kwa mashua ni wa miaka mingi, na wapo wavuao samaki wakubwa, wakawatia alama na kuwaachia ili wataalamu wapate kujua waendako. Lakini aghalabu mashua ni za wenye mitaji, na mvuvi wa asili huwa baharia wa kufunga chambo tu. Uvuvi wa ufuoni hautaki mashua. Wataka mtu ajuaye.

Walakini nisije nikamkaribisha mgeni kabla ya kufagia nyumba. Jambo hili lina masharti, na masharti ya kwanza ni ya dini yetu. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Maida, ametuhalalishia mawindo ya bahari kuwa chakula chetu na cha wasafiri. Chakula, si mchezo. Na katika hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, mna makemeo makali kwa amuuaye ndege bure bila ya manufaa, na kwa amfanyaye kiumbe hai shabaha ya kurushia mishale. Je, kumvuta papa nusu saa kisha kumwachia ni katika hayo? Mimi si mufti, na swali hili nawaachia masheikh wetu wenye ilimu ya kufutu. Neno langu ni moja: atakayemvua kwa kujifurahisha, akamwacha akafa mchangani, huyo hana hoja mbele ya sheria wala mbele ya jirani yake mwenye njaa.

Masharti ya pili ni ya papa mwenyewe. Watu humdhania kuwa hafi upesi, kumbe sivyo. Papa hana mfupa. Mwili wake wote ni gegedu. Majini bahari humbeba, bali ukimvuta nchi kavu uzito wake mwenyewe humponda matumbo. Ndiyo sababu jimbo la Florida, Marekani, tangu tarehe 1 Julai 2019, lamtaka kila avuaye papa kutoka ufuoni apate mafunzo na kibali kwanza. Papa wa aina zilizokatazwa hapandishwi mchangani, mashavu yake hubaki ndani ya maji, naye huachiwa papo hapo. Ndoana sharti iwe ya mviringo, ambayo hushika pembeni ya mdomo badala ya kumezwa. Na ni marufuku kumwaga damu na matumbo ya samaki ufuoni ili kumwita papa, jambo ambalo kila mama mwenye watoto wa kuogelea ataliunga mkono. Yule papa mwenye kichwa kama nyundo huchoka vibaya sana akipigana na kamba, hata akiachiwa huweza kufa baadaye. Huyo ni heri asisumbuliwe kabisa.

Masharti ya tatu ni ya haki. Kiongozi awe ni mvuvi mwenyewe, si mtu aliyenunua fulana yenye picha ya papa. Na malipo yafike kwake, ili mwanawe aone ya kuwa katika ujuzi wa babu yake mna riziki, naye akubali kukaa usiku mmoja ufuoni akifundishwa.

Yakikosekana masharti haya, ni bora tusianze. Yakitimia, huenda mvuvi wa papa akapata njia ya kula bila ya kummaliza anayemlisha. Nami, kwa desturi ya ukurasa huu, naweka ubeti mmoja:

Papa ni mali ya pwani, sifa yake twaijua,
Tangu enzi za zamani, babu walimtambua,
Kumvuta mchangani, kwa mchezo kumuua,
Ni hasara duniani, na kizazi chapungua.

Tulipoagana, kijana wa Kariandusi aliniomba nikija tena nimletee jino la papa. Nilimwahidi. Lakini njiani nikawaza: gegedu huoza, na papa akifa hubaki meno yake tu, kama vile wale watu wa kale walivyobakiza mashoka. Simchelei kijana huyo jino moja. Nachelea siku ambayo sisi wenyewe, huko mwambao, tutalipa kiingilio ili kuyatazama meno hayo ndani ya kioo, na asiwepo hata mtu mmoja wa kutueleza ni maji gani yaliyokuwa yakimleta papa pwani.