Kobalti au Iridiamu? Kuhusu Mionzi ya Ndani kwa Saratani ya Mlango wa Kizazi



Tunapowatembelea wagonjwa katika parokia za Shinyanga, Kahama na vijiji vya machimbo ya Geita, tunakutana na familia zilizosoma habari kwenye simu na kuingiwa na hofu: je, mionzi ya kobalti ni ya kizamani, na mama yetu angepona vizuri zaidi kwa iridiamu itumikayo ng'ambo? Swali hili linastahili jibu, kwa kuwa wapo wanaoahirisha matibabu kwa ajili yake.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini mwetu. Inapokuwa imesambaa kiasi kwamba upasuaji haufai, mgonjwa hupewa mionzi ya nje kwa takribani majuma matano, pamoja na dawa, kisha mionzi ya ndani kwa vikao vichache. Katika hiyo ya ndani, daktari hupitisha mirija myembamba ukeni hadi kwenye mfuko wa uzazi. Mashine husukuma humo punje ya mionzi, ndogo kuliko punje ya mchele, iliyofungwa kwenye ncha ya waya. Punje hukaa kwa dakika kadhaa, kisha hurudishwa katika kasha lake zito. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mionzi hushuka hadi robo. Kwa hiyo uvimbe hupata kipimo kikubwa, na kibofu na utumbo wa nyuma hupata kidogo.

Zamani punje hiyo ilikuwa ya radiamu, iliyogunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Madaktari waliipachika kwa mikono yao, nao wakaathirika, huku mgonjwa akilala nayo kwa siku kadhaa. Baadaye ikaja sesiamu. Leo zimebaki hasa mbili.

Iridiamu-192 hupoteza nusu ya nguvu yake kwa siku 74 hivi, yaani karibu asilimia 1 kila siku. Kobalti-60 huchukua zaidi ya miaka 5 kufikia nusu hiyo, karibu asilimia 1 kila mwezi. Kikao cha dakika 10 kwa iridiamu mpya kitahitaji dakika 20 baada ya siku hizo 74. Hivyo iridiamu hubadilishwa kila miezi mitatu au minne, na kila mara kuna agizo, kibali, ndege, forodha na upimaji upya. Mzigo ukikwama, wagonjwa wanangoja. Kobalti hubadilishwa baada ya miaka 5 hivi. Kwa upande wake, miale ya kobalti hupenya zaidi, hivyo chumba chake kinadai kuta nene zaidi, na kikao chake huwa kirefu kuliko cha iridiamu mpya.

Na uponyaji? Ndani ya zile sentimita chache zinazouzunguka uvimbe, umbali ndio unaotawala, na tofauti ya vyanzo hivi viwili ni ndogo mno. Kwa nchi kama yetu, tunaona kobalti ni chaguo la busara, wala si la unyonge.

Kinachotutia wasiwasi ni kalenda. Matibabu yote, ya nje na ya ndani, yanapaswa kumalizika ndani ya majuma 8 hivi. Damu hukoma mara nyingi wakati wa mionzi ya nje. Mama hujiona amepona, anarudi nyumbani kulima, na uvimbe uliobaki unakua tena. Anayeanza Bugando, hospitali ya maaskofu wetu iliyoko Mwanza, au Ocean Road jijini Dar es Salaam, aulize tangu siku ya kwanza tarehe ya mionzi ya ndani na mahali atakapoipata.

Wengine huogopa kumkaribia mgonjwa. Punje ikishatolewa, hakuna mionzi inayobaki mwilini mwake. Anaweza kumpakata mjukuu jioni hiyohiyo.

Tangu mwaka 2025 daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea watu wa Geita kungoja kivuko. Nauli na malazi ya Mwanza bado ni mzigo, hasa mwishoni, familia inapokuwa imeishiwa. Jumuiya inayochangia mgonjwa isitoe yote juma la kwanza. Iweke sehemu kwa ajili ya safari ya mionzi ya ndani.