Gari jipya la Formula 1 na mawe ya Ruangwa na Nachingwea

Wengi tukiangalia Formula 1 tunaishia kwenye rangi na mabawa. Leo nataka tufungue boneti, maana ndani mna kitu kinachotuhusu watu wa kusini.

Kanuni zilizoanza 2026 zimebadili gari karibu lote. Upana umeshuka toka mita 2 hadi 1.9, na uzito umepungua kilo 30 hivi. Mabawa ya mbele na nyuma yanalala kwenye njia iliyonyooka ili upepo usilikabe gari, halafu yanasimama kwenye kona ili lishike barabara.

Lakini kubwa ni injini. Ile V6 ya lita 1.6 imeshushwa toka kilowati 550 hivi hadi 400. Mota ya umeme imepandishwa toka 120 hadi 350. Yaani karibu nusu kwa nusu!

Sasa piga hesabu. Umeme unaoruhusiwa kutumika toka betri ikiwa imejaa ni megajuli 4 tu. Gawa kwa kilowati 350: sekunde 11 na ushee, kwisha habari. Ndiyo maana dereva akikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kuijaza upya, kona hadi kona. Betri hii haitakiwi kuwa ghala, inatakiwa ipokee na kutoa haraka.

Betri nyingi za lithiamu zina kinywe (grafaiti) upande hasi. Kinywe kina tabaka kama kurasa za daftari, na wakati wa kuchaji lithiamu inajipenyeza katikati yake. Upande chanya, kwa betri zenye nguvu, mara nyingi kuna nikeli.

Haya, kinywe kiko Ruangwa: Nachu, Chilalo, Lindi Jumbo. Nikeli iko Ntaka Hill, Nachingwea. Pande zote mbili za betri, wilaya mbili jirani! Sisemi Ferrari wanatumia mawe yetu. Nasema mawe ni ya aina hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba kinywe kikitoka mgodini ni magamba tu. Ili kifae kwa betri kisafishwe hadi asilimia 99.95, kiviringwe kuwa vipunje na kupakwa kaboni. Hapo ndipo penye hela, na China ndiyo imepashika. Nikeli ndiyo kabisa: leseni ya Ntaka Hill ilifutwa, wawekezaji wakatushtaki, na 2024 Tanzania ikakubali kulipa dola milioni 90. Hela imetoka, jiwe bado liko chini.

Wazee wa Nachingwea wanakumbuka mradi wa karanga wa Mwingereza ulivyokufa 1951, na reli ya Mtwara ikang'olewa baadaye. Je, kinywe nacho kitatuachia mashimo, au tudai kiwanda cha kukisafisha hapa hapa Lindi? Mnasemaje wadau?

Nawakilisha.