Mimba Zinazotoka Mara kwa Mara

Wamama wengine huja kwetu wakisema: "Mimba ya tatu imetoka. Nani ananiroga?" Kisha mama mkwe anatajwa, na nyumba inavunjika. Wandugu, ngojeni kwanza. Damu ipimwe.

Ndani ya damu yetu mna zamu wanaopigana na vijidudu vya ugonjwa. Lakini kwa watu wengine zamu hukosea, wakampiga mwenye nyumba mwenyewe. Wakipiga viungo, ngozi na figo, ugonjwa huo huitwa lupusi. Mwenzake huifanya damu igande upesi. Damu ikiganda katika kondo la nyuma, mtoto hapati chakula wala hewa, naye anafia tumboni, hali mama hakusikia ugonjwa wo wote. Ndiyo sababu watu hukimbilia neno la bulozi. Ugonjwa huu hujulikana kwa kupima damu mara mbili, na kati ya vipimo yapite majuma 12.

Siku hizi wako wamama wanaosaidiwa kupata mimba. Yai la mama na mbegu ya baba huunganishwa ndani ya chombo, kisha hutiwa tumboni. Mtoto wa kwanza wa namna hiyo alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Kampala mwaka 2004. Nairobi mwaka 2006. Ni kazi ya feza nyingi. Nahuzunika nikisikia mtu ameuza shamba kwa ajili hiyo, naye alipoteza mimba nyingi wala hakupimwa damu. Maana dawa za kukomaza mayai huweza kuzidisha kuganda kwa damu. Tena mimba hizo, zaidi za mapacha au za yai la mwanamke mwingine, hupandisha tansio kuliko mimba nyingine.

Dawa iko. Mganga huweza kutoa aspirini kidogo kila siku, kuanza mbele ya juma la 16, pamoja na sindano za heparini. Usijinunulie mwenyewe sokoni! Mwenye lupusi angoje ugonjwa utulie miezi 6, ndipo atafute mimba. Wala asiache dawa zake kwa hofu. Amwulize mganga, kwa kuwa nyingine hudhuru mtoto, na nyingine humlinda.

Tansio ikifika 140 juu ya 90, kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, uso na mikono ikivimba, au maumivu yakishika chini ya mbavu za kuume, mama aje hospitali siku ile ile, hata usiku. Baba, usingoje jamaa wakutane. Tafuta motokari.