Kwa nini mbunifu atumie bidhaa yake kama mteja

NI rahisi kwa mbunifu kuamini kwamba anaijua bidhaa yake kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini anayejua siri zote za kifaa ndiye asiyeona ugumu wake.

Mnamo 1979, Patricia Moore, mbunifu chipukizi mwenye umri wa miaka 26, alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya Raymond Loewy jijini New York, Marekani. Katika mkutano kuhusu jokofu, aliuliza iwapo mlango wake ungeweza kufunguliwa kwa urahisi na mtu mwenye baridi yabisi. Alijibiwa kwamba kampuni haikuwa ikiwabunia watu wa aina hiyo.

Moore aliamua kuzeeka. Alipakwa vipodozi vya kumkunja uso, akavaa miwani ya kutia ukungu machoni, akaziba masikio kwa nta na kufunga miguu na vidole visikunjike vyema. Kwa takriban miaka mitatu alizuru zaidi ya miji 100 ya Marekani na Kanada akiwa katika hali hiyo, akipanda mabasi na kuhangaika na milango ya maduka. Wakati mmoja alivamiwa na genge la vijana na kujeruhiwa vibaya.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kabla ya kutumia chochote, Moore alijivua kwanza manufaa aliyokuwa nayo. Hapo ndipo wengi hukosea. Meneja anayepanga foleni katika tawi lake huku wahudumu wakimtambua hajapanga foleni. Kadhalika, mtayarishaji wa programu ya simu mwenye simu mpya na intaneti ya ofisini hawezi kufahamu masaibu ya mteja mwenye simu kuukuu na bando ya siku moja.

Yuji Yokoya, mhandisi mkuu wa gari la Toyota Sienna la 2004, alilielewa hilo. Kwa kuwa gari hilo lilikusudiwa soko la Amerika Kaskazini, alisafiri kwa gari katika majimbo yote 50 ya Marekani, pamoja na Kanada na Mexico, mwendo wa zaidi ya kilomita 80,000. Aligundua kuwa upepo mkali uliyumbisha gari darajani, na kwamba Wamarekani hula safarini, tabia isiyo ya kawaida kwao Japani.

Hata hivyo, kuigiza kuna mipaka. Moore aliweza kuvua uzee wake jioni. Ajuza halisi hawezi. Ndiposa ni muhimu pia kumtazama mteja mwenyewe. Mfanyabiashara Sam Farber alimwona mkewe, Betsey, aliyeugua baridi yabisi, akitaabika na kifaa cha kumenyea. Kutokana na hayo, vyombo vya jikoni vya OXO vyenye mipini minene ya mpira viliingia sokoni mnamo 1990, na vikapendwa hata na wenye mikono mizima.